f/6, f/8 au f/30? Jinsi nilivyochagua darubini ya kupiga picha sayari

Walionizoea wanajua kwamba humu naandika kuhusu hifadhidata, seva zinazozima usiku wa manane, na wateja wanaobadilisha mawazo kila Ijumaa jioni. Leo tupumzike na seva. Nataka kuandika kuhusu darubini, na hasa kuhusu namba moja ndogo ambayo utaikuta kwenye maelezo ya kila darubini na ambayo huwachanganya wanunuzi wengi: uwiano wa fokasi. Utaiona imeandikwa f/6, f/8, f/12 na kadhalika. Usikimbie, hesabu zenyewe ni kuzidisha na kugawanya tu.

Kwanza niwaeleze kwa nini jambo hili lilininyima usingizi. Mwezi wa Oktoba 2025 zamu yangu ya chama ilifika. Tuko watu kumi na wawili, kila mmoja hutoa kila mwezi, na mara moja kwa mwaka unapewa mzigo wote. Zamu ya 2024 ilinunua tangi la maji la mama kule nyumbani Makueni. Kwa zamu hii nilikuwa nimeomba ruhusa mapema: safari hii ni darubini. Mke wangu hakukataa. Aliweka masharti matatu tu. Isizidi pesa za chama hata shilingi moja. Itoshe nyuma ya mlango wa sebule. Na binti yetu wa miaka saba aweze kuchungulia kwa jicho lake mwenyewe, isiwe kitu cha baba kukodolea skrini peke yake.

Masharti ya haki kabisa. Lakini fikiria: darubini nzuri kwetu huagizwa kutoka nje. Ikishalipiwa usafiri na ushuru, hairudishwi. Ukichagua isiyokufaa utaitazama nyuma ya mlango miezi kumi na miwili mpaka zamu nyingine, na nyumbani hutakuwa na neno la kujitetea. Kwa hiyo nilitaka kuelewa kabla ya kulipa.

Na ushauri ulikuwa wa kila namna. Muuzaji mmoja alisema kwa sayari nichukue f/8, kwamba f/6 ni ya kutazama makundi ya nyota na mawingu ya gesi. Miongozo ya zamani ya wapiga picha ilisema sayari hupigwa kwa f/25 mpaka f/30. Jamaa mwingine akaapa kwamba bila darubini ya Maksutov ya f/12 nisijisumbue. Watu watatu, namba tatu, na hakuna aliyesema namba yake imetoka wapi. Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huo. Unafungua programu ya mtu aliyeacha kazi miaka mingi iliyopita, katikati unakuta 28 imepachikwa bila maelezo yoyote, na kila mtu anaogopa kuigusa. Dawa ni moja tu: rudi nyuma utafute ilikotoka.

Haya, tuanze. Darubini ina kipenyo, yaani upana wa kioo au lenzi inayopokea mwanga. Ina pia urefu wa fokasi, yaani umbali ambao mwanga husafiri kutoka kioo kikuu mpaka mahali picha inapojiunda. Gawanya urefu kwa kipenyo, utapata uwiano wa fokasi. Kioo cha milimita 200 chenye urefu wa milimita 1200 ni f/6. Kioo cha milimita 150 chenye urefu ule ule wa 1200 ni f/8. Hakuna siri zaidi ya hapo.

Sasa, sayari ni ndogo mno machoni petu. Wanajimu hupima ukubwa wa vitu vya angani kwa pembe: digrii moja hugawanywa dakika 60, na kila dakika sekunde 60. Sekunde moja ya pembe ni sawa na milimita moja ukiitazama kutoka mita 206. Mshtarii, ile sayari ambayo wengi tunaiita Jupita, ilipokaribia Dunia Januari 2026 ilikuwa na upana wa sekunde 46 na nusu hivi. Yaani weka ndimu kwenye goli, kisha utembee urefu wa viwanja viwili vya mpira, ugeuke uitazame. Ndiyo hiyo. Na mimi nataka kuona mistari iliyo juu ya ganda la hiyo ndimu.

Nini kinachoamua kama mistari itaonekana? Mwanga ni mawimbi, na wimbi likipita kwenye tundu husambaa kidogo. Hata kioo kikiwa safi namna gani, nyota ambayo ilipaswa kuwa nukta huwa kiduara kidogo. George Airy wa Uingereza alilipigia hesabu jambo hili mwaka 1835. Tundu likiwa pana, kusambaa kunapungua. Kwa kanuni ya Dawes ambayo watazamaji wameitumia tangu karne ya 19, chukua 116 ugawanye kwa kipenyo kwa milimita, utapata upambanuzi kwa sekunde za pembe. Kioo cha milimita 90 kinapambanua sekunde 1.3. Cha 127, sekunde 0.91. Cha 150, 0.77. Cha 200, 0.58. Angalia vizuri kanuni hiyo: uwiano wa fokasi haumo kabisa. Undani ambao darubini inaweza kuuona umo kwenye kipenyo.

Basi uwiano wa fokasi unaingilia wapi? Unaingia kwenye kamera. Na hapa ndugu zangu wa programu watafurahi, kwa sababu ni jambo tunalolijua kutoka kwenye sauti za dijitali. Ukitaka kurekodi sauti bila kupoteza kitu, lazima uchukue sampuli angalau mbili kwa kila wimbi. Ndiyo kanuni inayobeba jina la Harry Nyquist. Sensa ya kamera nayo inachukua sampuli, ila ni za picha, na kila pikseli ni sampuli moja. Vitu vidogo kabisa ambavyo darubini inaweza kuvichora juu ya sensa hupishana kwa umbali sawa na urefu wa wimbi la mwanga ukizidishwa na uwiano wa fokasi. Ili kuvinasa, kila nafasi kama hiyo lazima iingie pikseli mbili.

Tufanye kwa namba. Mwanga wa kijani una urefu wa wimbi wa mikromita 0.55 hivi, na mikromita ni elfu moja ya milimita. Kwenye f/6, 0.55 mara 6 ni mikromita 3.3. Nusu yake ni 1.65. Kamera niliyoitaka ina sensa ya Sony yenye pikseli za mikromita 2.9. Pikseli ni kubwa mno, kwa hiyo undani ambao kioo kimeuleta unamwagika chini kama maji kwenye kikapu. Natakiwa kuivuta picha iwe kubwa zaidi juu ya sensa mpaka pikseli mbili zitoshe. Kwa kijani jibu ni f/10.5. Kwa buluu iliyo fupi kabisa, mikromita 0.4, jibu ni f/14.5. Kwa nyekundu, f/9.

Ukiichunguza hesabu hiyo utaona kwamba kwa buluu jibu daima ni pikseli mara tano. Kwa nyekundu ni mara tatu na kitu. Kwa hiyo wapiga picha wanaposema "zidisha pikseli yako kwa tano", wanachosema ni hesabu hii tu. Tazama inavyotoka:

Pikseli za mikromita 5.6: f/28
Pikseli za mikromita 3.75: f/19
Pikseli za mikromita 2.9: f/14.5
Pikseli za mikromita 2.4: f/12
Pikseli za mikromita 2.0: f/10

Umeiona 28 hapo juu? Mimi nilipoiona nilicheka peke yangu. Miaka ya 2000 wapiga picha wengi wa sayari walitumia kamera ndogo ya mezani, ile ya kuzungumzia na watu kwenye mtandao. Iliyopendwa sana ilikuwa Philips ToUcam Pro, na sensa yake ilikuwa na pikseli za mikromita 5.6. Mara tano, unapata f/28. Wazee wale hawakukosea hata kidogo. Walifanya hesabu sahihi kwa kamera yao. Kamera ikabadilika, hesabu ikasahaulika, jibu likabaki likitembea peke yake miaka ishirini.

Mtu atasema, basi si bora nizidishe tu, niweke f/30 hata kwa kamera ya leo, picha iwe kubwa zaidi? Hapana, kuna gharama. Ukiongeza uwiano wa fokasi mara mbili, mwanga ule ule unatandazwa kwenye eneo mara nne. Kila pikseli inapata robo. Pale ambapo fremu moja ilihitaji milisekunde 10, sasa inahitaji 40. Na adui mkubwa wa picha za sayari ni hewa. Umewahi kuona barabara ya lami saa saba mchana, vile magari ya mbali yanavyochezacheza? Hewa ya usiku hufanya vivyo hivyo, ila taratibu zaidi. Sayari inatetemeka, inavimba, inatulia kidogo, inatetemeka tena. Mpiga picha hachukui picha moja. Anachukua video yenye maelfu ya fremu fupi fupi, kisha programu inachagua zile chache zilizonaswa hewa ilipotulia na kuzipanga moja juu ya nyingine. Mmarekani David Fried aliandika mwaka 1978 kuhusu uwezekano wa kupata fremu yenye bahati namna hiyo. Fremu ikiwa ndefu, bahati inapungua, kwa sababu ndani ya hizo milisekunde 40 hewa imeshacheza. Kwa hiyo kuvuta picha kupita kiasi hakukupi undani wowote mpya. Unapata giza, ukungu na faili kubwa.

Hapo ndipo swali la muuzaji lilipojijibu. Darubini mbili zilizobaki mezani zilikuwa za vioo, aina ya Dobson, yaani tyubu iliyokaa juu ya kiti cha mbao kinachosukumwa kwa mkono. Moja 150/1200, f/8. Nyingine 200/1200, f/6. Urefu wa fokasi ni mmoja, kwa hiyo ukifunga kamera ile ile bila kitu kingine, Mshtarii inatoka ukubwa ule ule kwenye zote mbili: pikseli 93 hivi. Lakini hakuna anayepiga hivyo. Katikati unaweka lenzi ya Barlow, iliyopewa jina la Mwingereza Peter Barlow, ambayo kazi yake ni kurefusha fokasi. Zote mbili nitazipeleka mpaka f/15. Ile ya 150 itakuwa na urefu wa milimita 2250, na Mshtarii itakuwa na upana wa pikseli 175. Ile ya 200 itafika 3000, na Mshtarii itakuwa pikseli 233. Mwanga kwa kila pikseli ni sawasawa na muda wa fremu ni ule ule. Lakini ya pili ina pikseli za kweli karibu asilimia 78 zaidi juu ya uso wa sayari, na hizo ndizo zinazobeba mistari ya ganda la ndimu.

Kusema kweli f/8 ina mazuri yake na nisiyafiche. Eneo la katikati ambalo picha ni safi hukua kwa mchemraba wa uwiano wa fokasi, kwa hiyo f/8 inakusamehe karibu mara 2.4 zaidi ya f/6 vioo vikihama kidogo. Mwenye f/6 lazima ajifunze kulinganisha vioo kabla ya kila usiku wa kazi, jambo la dakika tano ukishazoea. Na tyubu ya 150 ni nyepesi. Kama unakaa ghorofa ya tano na mgongo unakuuma, ichukue bila aibu. Pia usiku hewa ikiwa mbaya, darubini hizi mbili zitakupa picha ile ile mbaya. Lakini hizo ndizo sababu za haki za kuchagua f/8. Kwamba "f/8 ni ya sayari" si sababu, maana Barlow inaifuta.

Na Maksutov ya 127? Inapendeza, inaingia kwenye mkoba, na kwa kuwa ni f/12 tayari, kamera ya pikseli 2.9 inaifaa karibu bila Barlow. Ningekuwa nasafiri kila wiki ningeichukua. Lakini upambanuzi wake ni 0.91 dhidi ya 0.58, na kwangu jambo hilo lilimaliza mjadala. Ipo pia Dobson ya milimita 250 yenye urefu ule ule wa 1200. Hiyo ilivunja sharti la kwanza la mke wangu, na ngazi zetu zingevunja sharti la mgongo wangu.

Sasa kuna mambo ambayo miongozo ya Ulaya na Marekani haikuambii, kwa sababu waandishi wake hawakai Ongata Rongai. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta. Sayari zote kubwa hufuata njia ile ile ya Jua, kwa hiyo kwetu zinapofika juu kabisa huwa angalau digrii 65 kutoka upeo wa macho, kila mwaka, bila kujali msimu. Mwaka 2020 mtu wa London aliiona Mshtarii ikijikokota kwenye digrii 16 au 17 tu, mwanga wake ukipenya hewa mara tatu zaidi ya yetu. Hewa hupinda rangi kama prizimu, buluu huku, nyekundu kule, na kwa urefu ule wa London rangi hutengana karibu mara saba kuliko kwenye digrii 65. Wao hununua kifaa cha kurekebisha hilo. Sisi tunaweza kuanza bila hicho kifaa, na rangi kidogo zilizohama programu inazirudisha. Hiyo ni pesa iliyobaki mfukoni.

Lakini ikweta inatoza kodi yake pia. Stendi zinazofuata nyota kwa mota hutakiwa kuelekezwa kwenye ncha ya anga, na kwetu ncha ya kusini iko digrii 1.3 tu juu ya upeo wa macho, nyuma ya majumba na miti. Ile nyota ya kaskazini wanayoisifia hatuioni. Stendi nyingi za aina hiyo hata hazilali chini kiasi hicho, ama uzito wa kusawazisha unagonga mguu wa stendi. Hii ni sababu nyingine ya kwenda na Dobson ya kusukuma. Nayo ina shida yake: kitu kikiwa juu ya utosi kabisa, kiti hakijui kigeuke wapi. Septemba 2025 Zohali ilikuwa ikipita karibu kabisa na utosi wa Nairobi. Mwenye Dobson alitakiwa kuipiga saa moja kabla ama saa moja baada.

Mtasema, bila mota utapigaje video? Hesabu tena. Anga inazunguka sekunde 15 za pembe kwa kila sekunde ya saa. Kwa milimita 3000, kila pikseli yangu inashika sekunde 0.2 za pembe. Sensa ina pikseli 1936 kwa upana, sawa na sekunde 386 za pembe. Ukitoa upana wa Mshtarii yenyewe, sayari inasafiri kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine kwa sekunde 22. Basi unaiweka ukingoni, unaondoa mkono, unaiacha ipite yenyewe huku kamera ikirekodi, kisha unasukuma tena. Kwa fremu 100 kila sekunde, mpito mmoja ni fremu 2,200. Programu baadaye inaitafuta sayari katika kila fremu na kuiweka katikati. Kazi ya mota inafanywa na laptopu, na laptopu tayari ninayo.

Angalia diski tu. Ukirekodi sensa nzima, pikseli 1936 kwa 1096, ni megabaiti 2.1 kwa kila fremu, yaani 212 kwa sekunde. Diski za zamani za kuzunguka haziwezi. Nikapunguza kimo mpaka pikseli 400, kwa maana sayari inapita kwa mstari, na mzigo ukashuka mpaka megabaiti 77 kwa sekunde. Hapo SSD ya kawaida na USB 3.0 zinatosha.

Kuna kikomo kimoja cha mwisho. Mshtarii inajizungusha kwa saa 9 na dakika 55. Katikati ya uso wake alama zinahama robo ya sekunde ya pembe kila dakika. Darubini yangu inapambanua 0.58, kwa hiyo nina dakika mbili kabla mambo hayajaanza kuvutika. Mipito minne ya sekunde 22, pamoja na muda wa kusukuma, inaingia humo barabara. Katikati ya mipito picha nayo hugeuka kidogo, karibu digrii moja kwa jumla. Programu kama AutoStakkert hulinganisha uso wa sayari kipande kwa kipande, kwa hiyo haisumbui sana.

Nililipa mwezi wa Novemba. Tyubu ina urefu wa mita 1.2 hivi, sawasawa na binti yangu, na wawili hao walipimwa mgongo kwa mgongo siku ile ile ilipofika. Nyuma ya mlango ilitosha. Kwenye kikao cha chama mweka hazina wetu, mama wa makamo mwenye macho makali kwa shilingi, aliniuliza mbele ya wote: "Kijana wangu, hizo sayari si NASA walishazipiga picha zote?"

Swali zuri, na sikulichukulia kama kejeli. Nilimweleza kwamba Mshtarii si mlima. Ni gesi na mawingu, inabadilika kila wiki, na vyombo vikubwa havikai vinaitazama kila usiku. Februari 2006 Christopher Go, akiwa Cebu nchini Ufilipino, sehemu ya joto kama kwetu, aligundua kwamba dhoruba moja iliyokuwa nyeupe imegeuka nyekundu. Tarehe 19 Julai 2009 Anthony Wesley wa Australia, mwandishi wa programu kama mimi, aliona doa jeusi ambalo halikuwepo. Kitu kilikuwa kimeigonga sayari. Aliwaambia wataalamu, na darubini ya NASA kule Hawaii ikathibitisha. Kioo chake kilikuwa cha inchi 14.5, kikubwa kuliko changu, lakini kilikuwa uwanjani kwake nyumbani. Na sayari inayozunguka kwa saa kumi inahitaji macho kila upande wa Dunia. Upande wetu macho ni machache.

Mama akafikiri kidogo, akasema, "Basi ukiona imegongwa, tuambie sisi kwanza." Kikao kikaendelea na hesabu za mikopo.

Januari 2026 mvua fupi zilikuwa zimekwisha. Tarehe 10 Mshtarii ilikuwa mkabala na Jua, na kila usiku kama saa sita na nusu ilikuwa juu kabisa upande wa kaskazini, digrii 66 hivi. Nilibeba kwa mizigo miwili mpaka juu ya jengo letu, penye kamba za nguo na tangi. Saruji hunywa joto mchana kutwa na kulitapika jioni, kwa hiyo mpaka saa tano usiku sayari ilikuwa inachemka kama uji. Nilijua, nikabeba kiti na chai. Saa saba hewa ikatulia. Mipito minne, fremu 8,800. Nikabakiza asilimia 15 zilizo bora, fremu 1,320. Kwenye picha ya mwisho nilipima upana wa sayari: pikseli 231. Hesabu ilikuwa imesema 233. Mikanda miwili mikubwa ilikuwa na kingo zilizochanika chanika, na Doa Kubwa Jekundu lilikuwa linatokea ubavuni. Katikati ya mikanda niliona vijiuzi vya buluu ambavyo nilikuwa nimeviona kwenye picha za wengine tu.

Binti yangu hakuwepo usiku huo, watoto hulala. Siku iliyofuata, Jumamosi, alipanda nami saa mbili na nusu usiku. Niliondoa kamera na Barlow, nikaweka lenzi ya kutazamia. Alitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akasema, "Baba, ina vinyota vinne vimepanga foleni." Ndiyo miezi yake minne mikubwa. Kwa jicho, f/6 ilifanya kazi vizuri sana, na sharti la tatu likawa limetimizwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama nawe unaweka akiba, fuata mpangilio huu. Anza na ngazi zako, mgongo wako na mfuko wako, maana hivyo ndivyo vitakavyoamua kipenyo. Nunua kipenyo kikubwa kabisa ambacho utakibeba bila kununa usiku wa kazi. Kisha chagua kamera, usome ukubwa wa pikseli zake. Zidisha kwa tano, hiyo ndiyo f yako. Ukikuta hewa ya kwenu haitulii, shuka mpaka mara tatu au nne bila hofu. Mwisho kabisa ndipo ununue Barlow ya kukufikisha hapo. Na ukinunua Barlow ya mara mbili, jua kwamba ukiisogeza mbali na sensa kwa kipande cha tyubu nguvu yake huongezeka. Yangu ya mara mbili nimeifikisha mbili na nusu kwa njia hiyo, bila kurudi dukani.

Na mtu akikutajia f/30, muulize kwa upole: kwa pikseli gani?

Februari 2027 Mshtarii na Mirihi zote zitakuwa mkabala na Jua, siku chache tu baina yao. Nitakuwa juu ya paa. Usiku mwema, na mawingu yawe mbali nanyi.